Mwanaume Akigeuka Mkali, Muulize Analalaje

Wanaume wengi wanaofika kliniki za afya ya akili hawasemi kwamba wana huzuni. Wanasema mgongo unauma, kichwa kinagonga, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Wengine huletwa na mke anayelalamika, "Mume wangu kabadilika, kila kitu ni ugomvi." Kabla ya hapo wameshazunguka kupima damu na kuandikiwa dawa za maumivu, shida ikabaki ileile.

Kwa mwanaume, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, hupenda kujificha nyuma ya hasira, kamari, kuendesha gari kwa fujo, au kazi isiyoisha hadi watoto wamelala. Hamu ya tendo la ndoa nayo hupotea, na hilo ndilo la mwisho kutajwa. Pombe huleta usingizi wa haraka, kisha huuvuruga usiku wa manane. Hali kama hizi zikidumu wiki 2 au zaidi, ni za kumwona mtaalamu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya wanawake. Ilhali wanaogundulika zaidi kuwa na sonona ni wanawake.

Tumezoea kuwalaumu wanaume kwa ukimya wao. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya habari. Aliyewahi kufungua moyo akaambiwa "jikaze, wewe si mwanaume?", au akasikia siri yake ikichekwa kijiweni, hawezi kurudia kirahisi.

Kwa hiyo namna ya kuuliza ina uzito. Ukimkalisha kitako na kumuuliza "una tatizo gani?", atakujibu "niko poa". Mtafute mkiwa mnatembea au mnatengeneza kitu pamoja, umtajie ulichokiona: "Siku hizi huji tena mazoezini, na naona hulali. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Usikimbilie kumpa mawaidha, wala usianze kumsimulia yaliyokupata wewe.

Akitamka maneno kama "bora nisingekuwepo", muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa swali hilo wakidhani litampandikiza wazo. Halifanyi hivyo, na wengi hupumua wakiulizwa. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye chochote cha kujidhuru, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe unayesoma huku ukijitambua: huhitaji maneno makubwa. "Silali, nakasirika ovyo, sina hamu ya kitu" yanatosha kuanzia. Daktari anaweza kuangalia pia tezi ya shingo, sukari na dawa unazotumia, maana navyo huweza kuchangia. Tiba huwa ni mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, hivyo usizitupe siku ya tano ukidhani zimeshindwa. Unayomweleza mhudumu ni siri. Mhudumu atawashirikisha wengine pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na una haki ya kumuuliza kuhusu hilo kabla hujaanza kueleza lolote.