Familia ya waanzilishi: neno hili lina maana gani katika bonde la Mto Solomon, Kansas

Mwaka 1878, majira ya machipuko, mama mmoja aitwaye Willianna Hickman alikuwa njiani kwenda Nicodemus, kijiji kipya cha watu weusi katika bonde la Mto Solomon, kaskazini magharibi mwa Kansas. Alikuwa ametoka Kentucky na mumewe, na alikuwa mgonjwa. Wanaume wakapaza sauti kwamba Nicodemus ile pale. Akafurahi, akakodoa macho, asione kitu. Mumewe akamwonyesha mioshi iliyokuwa ikitoka ardhini hapa na pale, akamwambia hiyo ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo waliyochimba. Mama Hickman alikuja kusimulia uzeeni kwamba alipotazama ile nchi, alianza kulia.

Watu wa namna hiyo ndio wanaoitwa “familia za waanzilishi”. Ukisoma historia ya mahali popote katika mbuga za nyasi za Marekani au Kanada utalikuta neno hilo kwenye vibao vya barabarani, makaburini na katika vitabu vya wilaya. (Kwetu siku hizi mbuga ni mahali pa kwenda kutazama tembo. Hapa nasema mbuga kwa maana yake pana, nchi tambarare ya nyasi isiyo na miti.) Neno linaonekana jepesi, kumbe limebeba mambo mengi, na mengine limeyafunika.

Kwa kifupi, familia ya waanzilishi ni kaya iliyofika katika wimbi la kwanza la watu waliokuja kulima sehemu fulani, ikachukua ardhi kwa mujibu wa sheria, ikakaa muda wa kutosha kuacha alama yake. Kuwahi peke yake hakutoshi. Wawindaji na wafanyabiashara wa ngozi walipita katika bonde la Solomon mapema zaidi, na hakuna anayewaita hivyo. Tena kuwahi kwenyewe hupimwa kwa mahali. Watu walilijaza bonde la Solomon wakipanda kutoka chini, mto unapomwaga maji yake katika Mto Smoky Hill, kuelekea juu magharibi. Aliyefika 1877 kule chini aliwakuta majirani wenye mashamba ya miaka mingi. Aliyefika mwaka huohuo katika wilaya ya Graham, ilipo Nicodemus, kwenye tawi la kusini la mto, alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Kiswahili kinatupa maneno mawili hapa, nayo hayalingani. Mwanzilishi ni anayeanzisha, na neno lina heshima. Mlowezi ni aliyelowea, aliyetoka kwao akaweka makao nchi ya watu, na kwa msomaji wa Kenya neno hilo linabeba habari nzima ya mashamba makubwa ya wazungu na wenyeji waliohamishwa. Watu wa bonde la Solomon walikuwa yote mawili. Atakayewaita waanzilishi tu amesahau ardhi ilikuwa ya nani. Atakayewaita walowezi tu ataona vigumu kueleza habari ya mtu aliyezaliwa mtumwa, akatembea maili 35 kutoka kituo cha treni ili akachimbe shimo la kulala wanawe.

Sheria iliyowaleta ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mkuu wa kaya yeyote, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, aliweza kuandikisha ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, na awe hajawahi kuishikia silaha Marekani. Kisha ilimlazimu aishi pale miaka 5, ajenge nyumba na alime, ndipo apate hati ya kumiliki. Mjane au mwanamke asiye na mume aliweza kuandikisha kwa jina lake mwenyewe. Mke wa mtu, kwa kawaida, hakuweza, na ndiyo sababu majalada mengi ya maombi ya ardhi yana jina la baba peke yake hata pale mama alipofanya nusu ya kazi au zaidi.

Namba 160 ilitokana na namna nchi ilivyopimwa. Wapimaji waliigawa ardhi katika miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukakatwa vipande 36 vya maili moja ya mraba, na kila kipande ni ekari 640. Robo yake ndiyo shamba la familia. Mistari hiyo ilichorwa bila kujali mto unapita wapi. Basi majirani wawili wangeweza kupata ekari sawa, mmoja akawa na maji, kuni na udongo mweusi wa bondeni, mwenzake akabaki na nyasi na upepo. Ndiyo maana historia ya mwanzo ya mbuga hizi ni historia ya mabonde. Miti iliota kandokando ya mito, juu yake hakuna. Waliowahi walishika kingo za mto na vijito vyake, waliochelewa wakapanda uwandani, kwenye maji ya kuchimbwa. Hadi leo ukitazama ramani za zamani za mashamba, majina ya familia kongwe utayakuta yamejipanga kufuata maji.

Nicodemus ilianzishwa 1877 na kampuni ya mji iliyoongozwa na mchungaji mweusi, W. H. Smith, pamoja na W. R. Hill, mzungu aliyekuwa akifanya biashara ya viwanja. Tangazo lililosambazwa Lexington, Kentucky, liliwaambia watu weusi wanaotaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 kwamba wataweza kwa dola 5. Mwaka huohuo majeshi ya serikali kuu yalikuwa yameacha kulinda haki za watu weusi kusini mwa Marekani, na Kansas ilikuwa na sifa ya kuingia katika Muungano wa Marekani, mwaka 1861, ikiwa jimbo lisiloruhusu utumwa. Watu wengi huwachanganya wakazi hawa na wale maelfu waliokimbilia Kansas mwaka 1879 kutoka Mississippi, Louisiana na Tennessee. Wa Nicodemus walitangulia kwa miaka 2, wengi wakitoka Kentucky, nao walikuja kwa mpango, wakiwa na kampuni, ramani ya mji na wachungaji wao.

Walichokikuta hakikufanana na tangazo. Walishuka treni mji wa Ellis, wakatembea. Mbao hakuna, na fedha za kuzinunua hakuna. Walichimba ubavuni mwa kilima au chini kabisa, wakaezeka kwa matawi na udongo juu yake. Anayeijua tembe ya Wagogo atapata picha ya paa, ila hapa kuta zilikuwa ardhi yenyewe. Waliopata nafuu baadaye walijenga kwa matofali ya nyasi, yaani udongo wa juu uliofumwa na mizizi mpaka ukakatika vipande vya kupangwa kama tofali. Wanyama wa kukokota jembe walikuwa wachache mno, kwa hiyo wengi walivunja ardhi ile kwa jembe la mkono na sepetu. Mbuga ambayo haijawahi kulimwa hushikana kwa mizizi kama mkeka. Mtu aliyeshika jembe anaweza kukadiria kazi ya ekari moja, sembuse 160. Walichoma mabua ya alizeti na samadi kavu badala ya kuni. Waliokota mifupa ya nyati waliouawa na wawindaji, wakaiuza. Baadhi ya waliofika hawakustahimili, wakarudi.

Zach Fletcher na mkewe Jenny walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kufika, Julai 1877. Fletcher alihudumu posta, na baadaye wakawa na hoteli, St. Francis, ambayo jengo lake lipo hadi leo. Jenny, binti wa Mchungaji Smith, aliwafundisha watoto wa kijiji. Ninamtaja makusudi, kwa sababu katika orodha nyingi yumo ndani ya maneno “familia ya Fletcher” tu, na shule haikuanzishwa na familia. Ilianzishwa na mwanamke aliyewakusanya watoto ndani ya shimo, akawafundisha kusoma, wakati wazazi wa watoto hao walikuwa wamekulia utumwani, katika nchi ambayo majimbo kadhaa yalifanya kumfundisha mtumwa kusoma kuwa kosa la jinai.

Majira ya baridi ya kwanza chakula kiliwaishia. Simulizi za kijiji zinasema walisaidiwa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, wakawagawia nyama. Habari hii husimuliwa upesi, kama kisa kizuri cha ukarimu, kisha watu wakaendelea. Mimi naona inahitaji kusimama kidogo. Waosage wenyewe walikuwa na nchi kubwa Kansas, na kuanzia 1870 walilazimika kuiuza na kuhamia eneo ambalo leo ni Oklahoma. Waliomkuta mgeni mwenye njaa walikuwa watu ambao hawakuruhusiwa tena kukaa Kansas.

Na bonde la Solomon halikuwa tupu. Wapawnee na Wakansa, makabila mengine ya wenyeji, waliwinda humo, na baadaye Wacheyenne. Tarehe 29 Julai 1857 wapanda farasi wa Kanali Edwin Sumner walipigana na Wacheyenne kando ya mto huu, miaka 20 tu kabla ya akina Fletcher kufika. Agosti 1868 Wacheyenne walishambulia mashamba ya Solomon na ya Mto Saline, na vita vilivyofuata viliwaondoa katika bonde. Chini zaidi, karibu na mji wa Cawker City, palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi iitwayo Waconda, iliyoheshimiwa na makabila mengi kama mahali patakatifu. Miaka ya 1960 ilifunikwa na maji ya bwawa la Glen Elder. Kwa hiyo “wa kwanza”, katika neno waanzilishi, maana yake ni wa kwanza katika daftari la ofisi ya ardhi. Nje ya daftari hilo, mahali palikuwa na miaka mingi ya watu.

Sharti la tatu la neno hili ni kukaa, na hapo ndipo Nicodemus ilipojaribiwa vibaya. Katikati ya miaka ya 1880 mji ulikuwa umesimama. Ulikuwa na makanisa, maduka, magazeti mawili na mwanasiasa, Edward McCabe, aliyechaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo lote la Kansas. Kisha ikaja habari ya reli. Wakazi walipiga kura ya kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia kwao. Haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ilipita, lakini upande wa pili wa mto, maili chache kusini magharibi, ambako mji wa Bogue uliota. Wafanyabiashara walibeba maduka yao, mengine majengo na yote, wakavuka. Magazeti yakafa. Waliobaki walikuwa wakulima, na wengi wao walibaki kwa sababu walikuwa wamemaliza miaka yao na kupata hati. Mwenye duka angeweza kuhama na bidhaa zake, lakini ekari 160 hazihamishiki.

Historia ya watu hawa tunaijua kwa kiasi kikubwa kwa sababu sheria iliwalazimisha kueleza maisha yao. Aliyetaka hati alitangaza nia yake gazetini kwa wiki kadhaa, kisha akafika mbele ya ofisa na mashahidi wawili, kwa kawaida majirani. Aliulizwa nyumba ina ukubwa gani, milango na madirisha mangapi, kisima kipo au hakipo, ekari ngapi zimelimwa na kwa misimu mingapi, aliwahi kuondoka na kwa nini. Majibu yaliandikwa, na majalada hayo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Kwa mtafiti wa historia ya mahali ni hazina. Ukiwafuatilia mashahidi unaona nani alimwamini nani, nani alioa kwa nani, nani alitoka kijiji kimoja na nani kule Kentucky. Upungufu wake nao ni mkubwa. Jalada linatunza aliyefanikiwa kuliko aliyeshindwa, mwenye shamba kuliko kibarua wake, na mume kuliko mke. Ndiyo maana mwanahistoria mzuri wa bonde husoma pia sensa ya 1880, mawe ya makaburi, na hasa husikiliza wazee.

Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa. Majengo 5 yamehifadhiwa: hoteli ya akina Fletcher, makanisa mawili, shule, na ukumbi wa mji. Wanaoishi pale sasa ni wachache sana. Lakini tangu 1878 watu wa kijiji wamekuwa na sikukuu ya kuadhimisha mwisho wa utumwa, na kila mwisho wa wiki wa mwisho wa Julai vizazi vya waliochimba yale mashimo hurudi kutoka miji ya mbali. Wakifika huulizana kwa majina ya koo, wewe ni wa nani, bibi yako alikuwa nani, shamba lenu lilikuwa upande gani wa mto.