Seva Imekubali, Hadithi Imekataa

Kundi likiigiza maisha ya kijiji cha Bahi, Dodoma, ndani ya Minecraft, gemu ya kujenga dunia kwa matofali, ugomvi hauanzii kwenye hadithi. Unaanza pale gemu inapomruhusu mtu jambo ambalo mhusika wake hawezi, au inapomnyima analoliweza. Haya ndiyo madai yanayosikika kwenye ugomvi huo, na jibu la kila moja.

"Gemu ikiruhusu, mhusika wangu anaweza."
Hapana. Begi la Minecraft lina nafasi 36, na kila nafasi hubeba hadi matofali 64, kila moja likiwa na ukubwa wa mita moja ya ujazo. Jumla 2,304. Tofali moja tu la dhahabu lingekuwa na uzito wa tani 19 hivi. Gemu imefanya hivyo ili mchezaji asichoke kwenda na kurudi, si kwa kuwa binti mchunga mbuzi ana nguvu za winchi. Begi lihesabiwe kuwa ghala, na kwenye maelezo ya mhusika pawe na mstari unaotaja anachobeba mwilini: fimbo, kibuyu cha maji, kisu. Akitaka kingine, aende nyumbani akakichukue.

"Alama za uhai ndiyo nyama na damu."
Mchezaji ana alama 20, zinazoonekana kwenye skrini kama mioyo. Anguko huondoa alama moja kwa kila tofali baada ya matatu ya mwanzo. Kwa hiyo matofali 23 yanaua, 22 yanamwacha na alama moja. Anakula mikate, anasubiri kidogo, anakimbia. Mtu aliyeporomoka mita 22 kwenye majabali ya Dodoma hakimbii. Wengi hutunga kanuni ndefu za mifupa na damu ambazo hakuna anayezikumbuka pambano likipamba moto. Inatosha moja: pigo likiondoa alama 10 au zaidi, mhusika ana jeraha mpaka atibiwe na mhusika mwenzake, hata kama mioyo imeshajaa tena kwenye skrini.

"Ukipata 20 kwenye dadu, lolote linawezekana."
Hii inapendwa na wanaoigiza kwa maandishi, wakiamua mambo kwa dadu ya pande 20. Katika kanuni za 2014 za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza, 20 halisi (kabla ya nyongeza) kwenye shambulio hupata shabaha bila kujali kinga ya adui; kwenye jaribio la ustadi haina upendeleo wowote. Mchunga mbuzi asiyejua Kijerumani hasomi barua ya mkoloni aliyoiokota Mpwapwa, hata arushe mpaka kesho. Kisichowezekana kisirushiwe dadu. Kinachowezekana kipangiwe kiwango: 10 rahisi, 15 wastani, 20 kigumu. Kumzalisha ng'ombe ambaye ndama amekwama tuseme ni 15. Mtu wa kawaida anafanikiwa akipata 15 kwenda juu, yaani asilimia 30. Mtaalamu mwenye nyongeza ya 5 anahitaji 10 tu, asilimia 55. Ni kweli, 55 ni aibu kwa daktari wa mifugo. Basi kazi yake ya kila siku asiirushie dadu kabisa, arushe usiku wa mvua, taa imezimika.

"Aliyetangulia kuandika ameshinda."
"Namkata mkono" ni hukumu. Andika "nalishusha panga kwenye mkono wake", kisha mwenzako au dadu aseme limefika wapi.

"Safari hupimwa kwa jua la gemu."
Siku ya Minecraft ni dakika 20, na mwendo wa kutembea ni mita 4.3 kwa sekunde. Kwa siku nzima ni kilomita 5 na ushee; Dodoma hadi Kondoa, kilomita 160 hivi, ingekuwa mwezi mzima. Msimulizi atangaze tarehe ya hadithi, jua aliache lizunguke.

"Anayejua kupigana ndiye mwenye mhusika hodari."
Huenda ana simu nzuri na mtandao usiokatika, basi. Mwenzake anaigiza askari mstaafu, skrini inaganda sekunde mbili, anauawa na kijana muuza zabibu. Wakubaliane matokeo kwanza kwenye gumzo la nje ya hadithi, admini wa toleo la Bedrock (Minecraft ya simu na konsoli) aandike /gamerule pvp false ili wachezaji wasiweze kuumizana, waigize pambano, kisha airudishe kwa true. Wasipokubaliana, kila mmoja arushe dadu mara moja na kuongeza nyongeza ya mhusika wake. Sare irushwe upya.