Si wazururaji tu wanaouawa na dawa za kulevya

Wengi huamini kwamba anayekufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ni mzururaji asiye na kazi. Takwimu za Marekani za mwaka 2020 zinasema vingine: mafundi ujenzi na wachimbaji wa madini na mafuta waliongoza, vifo 162.6 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakifuatwa na wapishi na wahudumu wa migahawa, 117.9.

Njia yenyewe ni ya kawaida mno. Fundi anaumia mgongo akibeba saruji, anaandikiwa vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni, na kwa kuwa akikaa nyumbani halipwi, anavimeza ili arudi kazini. Mwili unazoea, dozi inapanda. Daktari akikataa kuongeza, ananunua mitaani, ambako kidonge kilekile kwa sura huenda kina fentanili, dawa ya jamii hiyohiyo yenye nguvu mno, ambayo hata kiasi kidogo huweza kuua.