Mashine ya boti ikipiga resi yenyewe, ufunguo hausaidii

Boti ya mizigo imeshaacha mwalo wa Kirumba, Mwanza, inaelekea Nansio, kisiwani Ukerewe. Ghafla mashine inapiga resi bila mtu kugusa akseleta, ekzosi inafumua moshi mzito wa bluu. Fundi anazima ufunguo. Mlio unazidi kupanda.

Dizeli haina plagi za kurusha cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda hupata moto wa kutosha kuunguza chochote kinachowaka kitakachoingia humo. Siku zote ni dizeli, kwa kipimo cha pampu. Lakini ringi za pistoni zikiisha, sili ya tabo (feni inayosukumia mashine hewa) ikikatika au oili ikijazwa kupita alama, oili hupenya hadi kwenye silinda na kuungua kama mafuta. Mashine sasa inajilisha yenyewe. Funga koki ya tangi hata hivyo, kwani huenda ni gavana (kidhibiti cha mwendo wa mashine) au pampu tu iliyokwama. Ila usikae kusubiri matokeo.

Inyime hewa. Ziba mdomo inakoingilia kwa ubao mgumu, ukiwa umesimama pembeni, mbali na gurudumu na mikanda. Usitumie kiganja, mvuto wake ni mkali, wala tambara jepesi, litamezwa. Mtungi wa zimamoto wa hewa ukaa ukipulizwa mdomoni humo nao huzima. Mashine ndogo za silinda moja, zile za kuwashwa kwa hendeli, nyingi zina kishikio cha kuachia mgandamizo: kivute.

Ziwani, kitu cha kwanza kukamatwa ni ndoo ya maji. Iache. Maji hayabaniki, hivyo yakijaa kwenye silinda huweza kupinda konrodi, yaani mkono wa pistoni, au kupasua bloku, na vipande vinaruka.

Nahodha naye asikimbilie kutoa gia. Propela ndiyo mzigo unaoizuia mashine kidogo. Ukiitoa, resi inapaa zaidi. Kama mbele kuna maji wazi, shika usukani uende nayo. Abiria wasogee mbali na chumba cha mashine, maboya yakiwa mwilini. Ubao ukishindwa, fundi naye atoke humo.

Ikizimika, usiiwashe tena "kuijaribu", na usifungue kifuniko cha krenki, kule chini kunakokaa oili, ikiwa bado ya moto: mvuke wa oili ukikutana na hewa mpya unaweza kulipuka. Tupa nanga, omba kuvutwa. Ikishapoa, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, kuna mahali dizeli inavujia ndani. Aghalabu ni pampu au nozo inayopulizia dizeli kwenye silinda.

Ubao wenyewe ni bei ya chai: plaiwudi nene, kubwa kuliko mdomo wa hewa, upande mmoja umegongelewa mpira wa tairi. Utundike mlangoni pa chumba cha mashine. Ujaribu mkiwa bado mwaloni, mashine ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila resi. Ukiziba, izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, kuna mpira wa hewa umepasuka mahali, na safari ingoje.