Je, wajua kwa nini mguu uliopooza hunyooka ukipitishiwa umeme?

Kuku akishakatwa kichwa bado hutupa miguu na kupiga mabawa kwa muda. Ubongo haupo tena, lakini uti wa mgongo na mishipa ya fahamu iendayo miguuni bado ni mizima. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, ambaye hawezi kusogeza hata kidole cha mguu. Mtaalamu wa fiziotherapia akimbandika pedi mbili pajani na kuwasha mashine inayoenea kiganjani, goti linanyooka lenyewe, taratibu, mwenye mguu akilitazama kama la mtu mwingine.

Amri ya kunyoosha goti husafirishwa na mishipa miwili inayopokezana. Wa kwanza huteremka kutoka ubongoni kupitia ndani ya uti. Wa pili huanzia kwenye uti wenyewe, hutokea kati ya pingili na kwenda hadi kwenye msuli. Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au bodaboda yake ikigongwa, pingili ya kifua ikasagika, kinachokatika ni ule wa kwanza. Wa pili, ulio chini ya jeraha, huendelea kuishi, ila umekosa wa kuuamuru.

Mashine huchukua nafasi ya mwamuru huyo. Umeme wake huushtua mshipa wa pili, mshipa hupeleka ishara hadi ncha yake, ncha humwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya msuli, na msuli hukaza kama ulivyozoea. Msuli ukipigwa moja kwa moja ungehitaji umeme mwingi mno kuliko huo. Mshipa wa fahamu ni mwepesi kushtuka, hutosheka na pigo la mikrosekunde 300, yaani chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde.

Sasa mbona wagonjwa wawili wenye miguu iliyopooza, mmoja ananyoosha goti na mwenzake hata msuli hautikisiki? Uti wa mgongo hauendi hadi chini ya kiuno. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kuanzia hapo hubaki shada la mishipa inayoning'inia, ambalo madaktari hulifananisha na mkia wa farasi. Aliyeumia hapo amekatika mishipa ya pili yenyewe. Miguu yake huwa tepetepe, haikakamai, na misuli hunywea haraka. Kwake pigo la mikrosekunde 300 ni kazi bure. Msuli uliopoteza mshipa wake unahitaji pigo refu mara mia kadhaa, la milisekunde 100 au zaidi, kwa mashine maalumu na pedi kubwa. Kazi hiyo imefanyiwa utafiti wa miaka mingi huko Vienna, Austria. Kinyume chake, mguu unaorukaruka na kukakamaa wenyewe usiku, kero kubwa kwa wengi, ni habari njema hapa: unaonyesha kwamba mshipa wa pili uko hai. Hata hivyo kila msuli hupimwa peke yake, maana pale penyewe palipoumia baadhi ya seli hufa, na paja laweza kuitika huku msuli wa jirani ukikaa kimya.

Zoezi la kuanzia huwa la msuli wa mbele wa paja. Mgonjwa hukaa kwenye kiti cha magurudumu, sehemu ya kukanyagia ikiwa imeondolewa, mguu ukining'inia. Ngozi huoshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta ya nazi au vaselini huzuia pedi kushika. Nywele zikiwa nyingi hupunguzwa kwa mkasi. Wembe huacha vijeraha. Pedi moja huwekwa juu ya paja upande wa nje, kama upana wa kiganja chini ya kinena, na nyingine vidole vitatu juu ya pia ya goti, ikielemea upande wa ndani. Kwa paja la mtu mzima pedi ya sentimita 5 kwa 9 ndiyo ya chini kabisa, ya 7.5 kwa 13 ni bora.

Mashine hupangwa mapigo 30 hadi 40 kwa sekunde, mikrosekunde 300 hadi 450 kila pigo. Umeme huanzia miliampea 10 au 20 na kupandishwa tano tano hadi goti linyooke. Wengi hufika 60 hadi 100. Umeme upandishwe polepole kwa sekunde mbili, kwani ukiingia ghafla huamsha mkakamao. Sekunde tano za kukaza, tano hadi kumi za kupumzika, mara kumi, mizunguko minne, siku mbili au tatu kwa wiki. Wiki za mwanzo huenda msuli ukachoka mara ya tano tu. Goti likianza kuishia nusu ya safari, simamisha. Kuongeza umeme hapo ni kumpiga punda aliyekwisha lala. Mizunguko yote minne ikikamilika bila kulegea, ndipo unapofunga uzito wa nusu kilo kifundoni.

Kwa nini uchovu huja haraka hivyo? Tazama wavuvi wakivuta juya ufukweni: baadhi wanavuta, wengine wanavuta pumzi, wanapishana. Ubongo huendesha nyuzi za msuli vivyo hivyo, ukianza na zile ndogo zisizochoka. Mashine haijui zamu. Nyuzi zilezile hupigwa pamoja, kila pigo, hadi ziishiwe. Isitoshe, msuli uliokaa bila kazi kwa miezi hubadilika na kuwa na nyuzi nyingi za aina inayochoka upesi. Ndiyo maana anayeendesha baiskeli inayokanyagwa na miguu iliyopooza kwa nguvu ya umeme huu hutoa wati 10 hadi 20 tu. Katika Cybathlon, mashindano ya watu wenye ulemavu wanaosaidiwa na teknolojia, yaliyofanyika Uswisi mwaka 2016, mbio za baiskeli hizo zilikuwa za mita 750. Aliyeshinda, Mmarekani Mark Muhn, alitumia dakika 2 na sekunde 58, na elektrodi zake zilikuwa zimepandikizwa ndani ya mwili, karibu na mishipa yenyewe, badala ya kubandikwa juu ya ngozi.

Hatari kubwa ni kwamba mwenye mguu hasikii maumivu. Pedi ikibanduka nusu, umeme uleule hupita kwenye eneo nusu, na ngozi huungua bila mtu kupiga kelele. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wa pedi kabla ya kuwasha, na ukimaliza tazama ngozi: wekundu hafifu huisha ndani ya saa moja hivi, ukikaa hadi kesho yake kuna tatizo. Mashine ziwe za mapigo ya pande mbili, kwenda na kurudi. Umeme wa upande mmoja hukusanya kemikali kali chini ya pedi.

Kwa walioumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, presha yaweza kupaa ghafla. Dalili ni kichwa kugonga, uso kuwa mwekundu na jasho sehemu za mwili zilizo juu ya pale uti ulipoumia. Zima mashine, mkalishe wima, legeza nguo, kisha kagua kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Isiposhuka, ni dharura ya hospitali. Kumbuka kwamba presha ya kawaida ya watu hawa, ile namba ya juu, mara nyingi ni 90 hadi 110, kwa hiyo 140 kwao si ndogo.

Mifupa nayo hudhoofika, hasa karibu na goti. Aliyepooza kwa miaka apimwe kabla ya kufungiwa uzito, na goti likivimba na kuwa la moto baada ya zoezi, lipigwe eksirei hata kama hana maumivu. Mwenye betri ya moyo, mjamzito, mwenye damu iliyoganda mguuni au mfupa usiounga asianze kabisa bila idhini ya daktari.

Faida inayoonekana wazi ni unene wa msuli: ndani ya wiki 12 paja lililonywea huongezeka vizuri, na damu hupita zaidi. Mkakamao hulegea kwa saa chache. Mifupa hudai zaidi, karibu kila siku kwa miezi mingi, na zoezi likiachwa vyote huanza kurudi vilikotoka. Uti uliokatika haushonwi na umeme huu. Na vile vimashine vya kutuliza maumivu vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, vingi havifai kwa kazi hii: huwasha ngozi vizuri tu, lakini pigo lao ni fupi na umeme wao haufiki kiasi cha kuinua mguu wa mtu mzima.