Maswali na Majibu Kuhusu Shinikizo la Juu la Damu

Swali: Siumwi kichwa wala sisikii kizunguzungu. Kuna haja gani ya kupima presha?

Jibu: Haja ipo, tena kubwa, kwa sababu shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi, akifanya kazi zake na kulala vizuri, huku mishipa yake ya damu ikizidi kukakamaa na moyo ukisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili hawajui kuwa wanalo. Wengine hulijua siku wanapopata kiharusi, au figo zinapokuwa zimeshaharibika, jambo linalosikitisha mno kwa kuwa kipimo chenyewe huchukua dakika chache tu. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea apime angalau mara moja kwa mwaka.

Swali: Zile namba mbili zina maana gani?

Jibu: Ya juu ni shinikizo lililomo mishipani moyo unapojikaza kusukuma damu, na ya chini ni lile linalobaki moyo unapolegea kati ya pigo moja na jingine. Chini ya 120 kwa 80 ni hali nzuri kwa mtu mzima. Ikiwa namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, katika vipimo vya siku mbili tofauti, huo ni ugonjwa.

Swali: Nilipimwa mara mbili siku moja, majibu yakatofautiana. Je, mashine ilikuwa mbovu?

Jibu: Si lazima. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa, na namna ya kupima hubadilisha majibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Nusu saa kabla ya kupima, usivute sigara, usinywe kahawa wala usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha kaa kimya dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni bila kukunja nne, na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya nguo, na uwe wa saizi inayokutosha, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo kweli. Usizungumze wakati wa kupimwa. Una haki ya kuomba hayo yote hata pale mhudumu anapokuwa na haraka, na pia kuomba kipimo kirudiwe baada ya dakika moja.

Swali: Chumvi kiasi gani inafaa?

Jibu: Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na vyakula vya viwandani.

Swali: Presha yangu imeshuka tangu nianze dawa. Naweza kuziacha?

Jibu: Usiziache bila kuzungumza na daktari. Mara nyingi presha imeshuka kwa sababu dawa zinafanya kazi, na ukiziacha hupanda tena pasipo wewe kuhisi chochote. Mweleze pia dawa nyingine unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, hupandisha presha.

Swali: Ni wakati gani nisisubiri?

Jibu: Namba zikifika 180 kwa 120 au zaidi, na ukawa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kutoona vizuri, ulimi mzito au ganzi upande mmoja wa mwili, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mjamzito mwenye presha ya juu, hasa baada ya wiki ya 20, aonane na mtaalamu siku hiyo hiyo hata kama namba zake ni ndogo kuliko hizo.