Mashine ndogo ya MIG: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Hapa Tanga, mwambie mtu unataka MIG, mashine ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe, ujichomelee grili au banda la kuku nyumbani, utasikia: "Chukua ya ampea 200, ndogo utajuta." Ushauri huu umewala watu pesa nyingi bure.

Ukweli uko ukutani, kwenye soketi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 hiyo haifiki wati 3,000. MIG ikitoa ampea 200, volti kwenye moto wake huwa karibu 24, yaani wati 4,800, bado hujahesabu zinazopotelea ndani ya mashine. Huko huwezi kufika bila fundi umeme kukuvutia laini yake ya waya mnene. Ekstensheni ndefu nyembamba ndiyo inaua nguvu kabisa.

Tena kazi yenyewe haidai hivyo. Chuma cha kawaida hutaka takriban ampea 40 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo bomba la mraba la milimita 1.5 linatosheka na ampea 60. Kwangu mimi, mashine inayoshuka mpaka 30 au 40 bila kukatakata moto ni bora kuliko jitu linalotoboa kila bomba jembamba. Na usiishie kusoma namba ya kwenye boksi, soma kibao cha nyuma. Kikisema 20% kwa ampea 120, maana yake ni dakika 2 za kuchomelea na 8 za kupumzika katika kila dakika 10. Mashine isiyo na kibao hicho mimi siinunui.

"MIG bila mtungi wa gesi si MIG." Kwa waya mtupu, sawa. Lakini upo waya wenye unga ndani, ambao ukiungua hutoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka. Kwa anayefanyia kazi uani, tena upande wa Raskazone ambako upepo wa bahari hauna mlango, huo ndio wa kuanza nao. Gesi ya mtungi kwenye upepo ni ile yetu ya waja leo waondoka leo: inapeperuka, na mchomeo unatoka na vitundu kama mkate wa kumimina.

Wengi hununua waya huo wakaona unarusha cheche ovyo, wakalaumu mashine. Kumbe hawakugeuza nyaya. Waya wa unga unaojikinga wenyewe hutaka tochi, yaani mkono unaotoa waya, iwe upande wa hasi, waya mtupu wenye gesi hutaka chanya. Muulize muuzaji akuonyeshe zinapogeuzwa. Baadhi ya mashine za bei rahisi hazigeuziki. Halafu nunua roli ya kilo 1, si ya 5. Hewa yetu ya chumvi huutia waya kutu, na wenye kutu hukwama ndani ya tochi.

Kuna wanaoamini kwamba mchomeo ukipendeza basi umeshika. Hapa MIG ni mwongo kuliko mashine ya fimbo, ile ya kuchomelea kwa vijiti: inaweza kulaza chuma juu ya chuma vizuri kabisa bila viwili hivyo kuungana. Chomelea vipande chakavu, kimoja kibane kwenye jiliwa, kingine ukipige nyundo. Kikibanduka kisafi, hakikuwa kimeungana.

Miwani ya jua badala ya kofia ya kuchomelea? Hapana, na macho yataanza kuwasha saa kadhaa baadaye, usiku.

Lile la maziwa nimelisikia Ngamiani tangu utotoni: ukichomelea mabati, kunywa maziwa, yanaosha moshi. Moshi wa zinki, ile iliyopakwa juu ya mabati, huingia mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni. Homa na kutetemeka vitakuja vilevile. Dawa ni kusaga ile zinki mpaka chuma chenyewe kionekane, pande zote za kiungo, kisha kufanyia kazi nje, upepo ukupite ubavuni. Na ukishatoka nje, mtungi wa gesi unakuwa mzigo tu.